Kitongoji Kisichoitikia Hodi

Jumanne ile nilikuwa nafungua belo la mitumba kibandani kwangu, Chapwa, hapa Tunduma mpakani. Siku ya kawaida kabisa. Jua la saa nne, vumbi la malori, wateja wawili kutoka Zambia wamesimama wanasubiri makoti ya watoto, mmoja ananisalimia "Mwapoleni" nami naitikia huku nakata kamba kwa meno. Belo likifunguliwa hakuna anayeangalia pembeni; ukizubaa kidogo, koti zuri limeshaondoka. Mimi nilizubaa. Nilimwona mtu amekaa chini ya tela la lori kwenye foleni ya mpakani, anapanga vijiwe kimoja juu ya kingine, amefumba jicho moja anapima usawa. Nikayajua yale mabega. Yalikuwa ya Tuntufye, mtoto wa dada yangu Sekela.

Tatizo ni kwamba Tuntufye tulikuwa tumemzika miaka mitatu nyuma. Udongo niliutupa kwa mkono wangu huu.

Niacheni nieleze taratibu, maana nikianza na hasira mtapotea njiani, na hasira ninazo za kutosha.

Tuntufye alikuwa fundi mwashi huko Mbebe, kwetu milimani Ileje. Kijana mtaratibu, mkono mzuri. Alipofika miaka ishirini na minne akaanza kusikia watu wanaongea ndani ya matofali. Mwanzoni alinieleza mwenyewe huku anacheka. Baadaye akawa anawajibu, na baadaye tena akawa anagombana nao mpaka anashuka kwenye jukwaa na kukimbilia msituni. Basi kila mtu akawa daktari. Huyu anasema karogwa na fundi mwenzake, yule anasema kavunja mwiko wa ukoo, mwingine anasema ni bangi, wakati mtoto wa watu hata sigara hakuwahi kuvuta. Walimfunga mnyororo kwenye nguzo ya jikoni majuma sita.

Mwishowe tulimpeleka hospitali. Akapewa dawa, na dawa zikamsaidia. Naomba hapo mnisikie vizuri: dawa zilimsaidia. Waliomshinda ni watu. Aliporudi kazini hakupatikana mtu wa kumkorogea udongo. Kikombe alichonywea maji msibani kilivunjwa mbele ya macho yake. Kanisani akikaa benchi, benchi zima linahama. Watoto wakawa wanamwimba barabarani, na mama zao wamesimama milangoni wanacheka, kisha haohao wanakuja kumuuliza dada yangu, "Chizi wako anaendeleaje?" Mtu akiitwa chizi kila kukicha, dawa atameza kwa ajili ya nani? Akaacha. Asubuhi moja akaondoka na fulana aliyoivaa, hakurudi.

Baada ya miezi minane, utingo mmoja wa malori akaleta habari kwamba upande wa Zambia gari limegonga kichaa, kijana mrefu, na wenye mji wamemzika. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Wazee wa ukoo wakasema mtu asiyezikwa kwao hatulii, tukate shina la mgomba tulizike badala yake, msiba uishe. Shuka nililinunua mimi, jeupe. Shina likaviringishwa shuka, likalazwa kaburini nyuma ya nyumba ya dada, watu wakalia, wakala, wakaenda zao. Na nikisema kweli, siku ile mimi na dada yangu tulipata usingizi. Tulikuwa tumechoka. Mungu anisamehe, nilitaka liishe.

Mwezi haujakatika, hodi zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa kwa Isaka, mwenyekiti wa kitongoji. Mkewe alikuwa anamenya viazi asubuhi, ukungu umetanda mpaka banda la mbuzi halionekani. Akasikia mlangoni, "Hodi humu. Naomba maji ya kunywa." Akaitikia karibu, kama mtu yeyote aliyelelewa na mama yake. Akafungua. Hakuna mtu. Uwanja umejaa umande, na umande haujakanyagwa. Alipoulizwa ilikuwa sauti ya nani, akajifunika uso kwa kanga. Wote walimwelewa.

Kisha nyumba ya pili. Kisha ya tano. Siku zote ni asubuhi ya ukungu, siku zote anaomba kitu kidogo: maji, moto, mahali pa kukaa mvua ikatike. Walioitikia walisema baada ya kuitikia nyumba inakuwa nzito, kama kuna mgeni amekaa kwenye kona ambaye hujamkaribisha chakula.

Wakaitisha kikao. Alipokuwa mgonjwa, kikao cha kutafuta watu wa kumsaidia mama yake hakikupata hata watu watano. Hiki kilijaa hadi nje. Wakapitisha kwamba kitongoji kizima, kuanzia siku hiyo, hakitaitikia hodi. Mgeni apige makofi matatu. Asiyejua akipiga hodi, shauri yake. Bwana shamba mmoja alizunguka milango saba kwenye mvua, hodi, hodi, na watu wako ndani wanamsikia, mpaka akarudi alikotoka na barua zake zimelowa.

Mimi nikiwa Tunduma niliwacheka. Nikasema dhamiri inawasuta. Mpaka Pasaka moja nilipokwenda kwa dada. Nilifika giza limeingia, hakuna aliyeniona. Asubuhi tuko jikoni, yeye anakanda unga, mimi napuliza moto. Nje ni weupe mtupu. Kuku wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Hodi, mama mdogo."

Ilikuwa sauti yake. Si inayofanana. Yake, na kile kikohozi kidogo cha fundi aliyekula vumbi la saruji. Mkono wangu ulikuwa umeshashika komeo kabla sijafikiri. Dada akaudaka kwa mkono wenye unga.

"Usimjibu," akaninong'oneza. "Ukijibu, anaingia."

Nikainama nikachungulia chini ya mlango. Mwanga wa asubuhi ulipita wote. Hapakuwa na miguu.

Ndiyo maana Jumanne ile Chapwa, nilipomwona chini ya tela, niliacha belo wazi. Wateja wakachagua makoti peke yao. Nilimsogelea hatua kwa hatua, naangalia kwanza kama ana kivuli. Alikuwa nacho. Akaninyooshea kidole bila kuinua uso. "Mama mdogo, usikanyage ukuta," akasema. Nikatazama chini, nikaona kweli nilikuwa karibu kuvibomoa vijiwe vyake. Nikakaa palepale vumbini nikalia.

Jirani yangu wa kibanda anaitwa Nyanzobe, anauza maziwa ya mgando. Ni Msukuma, ndugu zake wanafuga huko bondeni Momba. Akaja na jagi mkononi.

"Mama Brayan, mbona unalia hivyo? Huyu si anaumwa kama kaka yangu Makene? Tumnawishe kwanza."

"Nyanzobe, huyu tulimzika."

"Mlizika nini?"

"Mgomba."

"Basi uliokufa ni mgomba," akasema, akamimina maziwa kwenye kikombe, kikombe chake mwenyewe anachonywea, akampa.

Watu wasio ndugu ndio waliotushika mkono. Nyanzobe alipanga zamu kama anavyopanga zamu za kuchunga. Clever, dereva wa bajaji, kumpeleka kliniki. Marita wa chapati, chai ya asubuhi na kuhakikisha kidonge kimemezwa. Mimi, kumlaza chumba cha nyuma. Nyanzobe mwenyewe, kupiga naye soga mchana ili asikae na sauti peke yake. Hakuna aliyefanya mkutano. Miezi minne, na Tuntufye akanenepa, akakata nywele, akaanza kuziba nyufa za vibanda vyetu. Akatueleza alivyovuka mpaka, akalala masokoni Nakonde, akarudi, akavuka tena. Miaka yote hiyo alikuwa huku chini, kwenye joto na malori. Mbebe hakukanyaga hata siku moja.

Nilimuuliza mara mbili. Hata siku moja.

Kliniki walimfundisha jambo moja ambalo mnapaswa kulijua. Walimwambia: chagua mtu mmoja unayemwamini. Ukisikia sauti, usibishane nayo, muulize huyo mtu, "Na wewe unasikia?" Akisema hasikii, ujue ni ugonjwa, iache ipite. Akisema anasikia, basi ni kitu cha kweli. Akanichagua mimi. Tukaapishana kwamba sitamdanganya hata kwa kumhurumia. Na sikumdanganya. "Mama mdogo, unasikia?" "Sisikii, mwanangu." "Na hii?" "Hiyo nasikia, ni honi ya lori." Anaitikia kwa kichwa, anaendelea na kazi. Hilo ndilo lililokuwa likimsimamisha kuliko kidonge.

Alichotaka sasa ni mama yake. Amwone usoni, na mama amwambie karibu. Neno moja. Alisema, "Nikiambiwa karibu nyumbani, nitajua sikufa."

Nilimpigia dada, akakata. Nikapiga tena, nikampa Tuntufye aongee, dada akapiga ukelele na kuzima simu siku tatu. Nikampigia mwenyekiti Isaka.

"Mama Brayan, kitongoji hakimkatai mtu," akasema. "Ila kuna utaratibu."

"Utaratibu wa mtu kuingia kwa mama yake?"

"Aje mchana, jua likiwa juu, tumwone wote. Apige makofi matatu. Mama yake atasema karibu mbele ya mashahidi. Lakini asithubutu kupiga hodi. Nakuomba sana."

Nilitaka kumtukana. Nikameza. Tulipanga Jumamosi saa sita. Dada mwenyewe safari hii alipokea simu, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyelia sana, "Ketrina, mlete. Nitamjibu. Namwapia Mungu, safari hii nitamjibu."

Jumamosi jua liliwaka tangu Tunduma hadi tunaingia Ileje. Tuntufye amevaa shati la samawati nililomtolea kwenye belo. Tuliposhuka barabarani, nikaita bodaboda watupandishe. Kijana akamtazama Tuntufye, akamtazama tena. Akawasha pikipiki, akaondoka bila abiria. Wa pili naye. Wa tatu hakutusubiri hata tumsogelee.

"Tutembee tu, mama mdogo," Tuntufye akasema. Alikuwa anatabasamu, lakini mdomo ulimcheza.

Tukatembea. Saa moja na zaidi ya kupanda. Wangetubeba tungefika jua bado linawaka. Tulipofika kwenye migomba ya mwanzo, ukungu ukashuka. Saa sita mchana, mwezi wa Oktoba, kiangazi kikavu. Ulitoka kwenye korongo, ukapanda njia, ukatufunika. Nikamshika Tuntufye mkono. Nilikuwa naona mkono wake, simwoni uso.

Nyumba ya dada ilikuwa mbele yetu, labda hatua mia. Kimya. Hata mbwa hakubweka.

Kisha nikasikia.

"Hodi, mama."

Mbele. Huko nyumbani. Sauti ya Tuntufye, na kile kikohozi.

Mkono niliokuwa nimeushika ukakaza. Akasimama.

"Mama mdogo," akanong'ona. "Na wewe unasikia?"

Nilisikia. Nilisikia kama ninavyosikia sauti yangu sasa. Nikafikiri: nikimwambia ndiyo, atakimbia, atapotea tena, na huko mbele mama yake anamsubiri. Nikafikiri namkinga. Nilifikiri kila kitu isipokuwa kiapo.

"Sisikii kitu, mwanangu."

Akavuta pumzi ndefu. "Ahaa," akasema. "Basi ni ugonjwa tu. Twende."

Aliniamini. Mpaka leo linaloniuma ni hilo, alivyoniamini upesi.

Na kabla hatujapiga hatua ya tatu, nikamsikia dada yangu. Sauti ya furaha ambayo sijaisikia tangu tukiwa wasichana.

"Karibu! Karibu, mwanangu! Karibu ndani!"

Mlango ukafunguliwa. Mlango ukafungwa.

Nikaanza kukimbia, namburuta Tuntufye. Tulipofika uwanjani tukawakuta mashahidi: Isaka, mkewe, wanaume kama sita, na Bibi Gwantwa, jirani wa dada, mwanamke mzee mwenye mguu mbovu. Walikuwa wamebanana ukutani mwa jiko. Mkojo ulikuwa umemtoka mwanaume mmoja. Walipomwona Tuntufye anatokea kwenye ukungu kwa upande wa njia, mke wa Isaka akakaa chini.

"Ameshaingia," Isaka akasema. "Sisi tumeona mlango unafunguka. Mtu hatukumwona. Mama Brayan, huyu uliyemleta ni nani?"

Tuntufye hakumsikiliza. Alikwenda mlangoni, akasimama wima, akaweka sawa kola ya shati. Akapiga makofi matatu, kama alivyoagizwa.

Ndani, dada alikuwa anaongea. Tulisikia sahani inawekwa. "Kula, baba. Umekonda. Kula." Na sauti ikajibu, sauti ya kijana, kinywa kimejaa, "Nakula, mama."

Tuntufye aliisikia. Nilimwona akiisikia. Akaufumba mdomo, akaiacha ipite, vilevile alivyofundishwa. Alisimama mbele ya mlango wa mama yake, anasikia sauti yake mwenyewe ikila ndani, ametulia, kwa sababu mimi nilimwambia hakuna kitu.

Akapiga makofi tena. Matatu.

"Mwanangu ameshafika!" dada akaita kutoka ndani. "Huyo wa nje mwambieni aondoke!"

Mwanaume mmoja akalia kwa sauti. Wawili wakakimbia. Tuntufye akageuka. Akaona nyuso zao. Moja moja. Akaona namna walivyoukodolea mlango, na mimi mikono yangu iko mdomoni.

"Mama mdogo," akasema polepole. "Wote wanasikia."

Nikaishusha mikono.

"Wote wanasikia. Na wewe ulisikia."

Kisha akafanya alichokatazwa. Aliuegemeza uso kwenye ubao wa mlango. "Hodi, mama. Ni mimi. Hodi."

Ndani kijiko kikawekwa chini. Halafu ile sauti, taratibu, karibu kabisa na mlango, upande wa pili wa ubao uleule:

"Usimjibu."

Na dada yangu hakujibu. Miaka mitatu walimfundisha asijibu. Alijua sana kutojibu.

Isaka akaokota jiwe. Msinishangae nikisema nilimchukia kuliko kilichokuwa ndani. Mwingine akaokota la pili. "Huyu ndiye msukule," mmoja akasema, "wa ndani ndiye mtu." Ndipo Bibi Gwantwa akajikokota na mguu wake mbovu, akapita katikati yao, akamshika Tuntufye mkono, akaugeuza kiganja, akauweka shavuni kwake.

"Una joto," akasema. "Huyu ni mtu. Wekeni mawe chini, wapumbavu ninyi. Mlimnyima maji akiwa mzima, na leo mnataka kumpiga?"

Nikaupiga mlango kwa bega. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu komeo likang'oka.

Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha la kupitisha paka. Dada amekaa kwenye kigoda, anatabasamu. Mbele yake kigoda kingine, kitupu. Sahani mbili za ugali na maharage. Zote mbili zimeliwa, ya pili imelambwa. Sakafu yake ni ya udongo, alikuwa ameikandika asubuhi ile kwa ajili ya mgeni, bado mbichi. Kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, kubwa, kutoka kizingitini hadi kwenye kigoda kitupu. Za kwenda. Nilitafuta za kutoka mpaka macho yakauma. Hazikuwapo.

Tuntufye akapiga magoti mbele yake. "Mama."

Dada akamtazama kwa adabu, namna unavyomtazama mpita njia. "Samahani, baba," akasema. "Wewe ni wa nani?"

Hilo ndilo "karibu" alilopewa.

Nilimrudisha Chapwa jioni hiyohiyo. Jumatatu Isaka akaamua kuchimbua kaburi, eti waondoe mgomba mambo yatulie. Angeamua hivyo siku niliyompigia simu mara ya kwanza, kidogo ningemwelewa. Hawakukuta mgomba, wala mabaki yake. Walikuta shuka nililonunua mimi, limekunjwa mara nne, jeupe, kavu. Wakalifukia upesi.

Na sasa ngoma ni ileile, mchezaji mwingine. Sekela anatenga sahani mbili, anaongea na kigoda, kwa hiyo Sekela ndiye chizi. Wamemwacha peke yake kama walivyomwacha mwanawe. Watoto wameshatunga wimbo. Nikapandwa na wazimu wangu mwenyewe, nikawapigia simu mmoja mmoja, naomba zamu, siku moja tu kwa wiki, kaa naye, mpe uji, mpeleke kliniki. "Tutaona, Mama Brayan." "Tunaogopa, Mama Brayan." Nyanzobe alifunga kibanda siku mbili, akapanda huko juu, mwanamke asiye na ndugu hata mmoja Ileje, akagonga milango. Aliporudi alikuwa na majina mawili: Bibi Gwantwa na binti yake. Katika kaya arobaini. Anasema tuanze na hao.

Tuntufye anameza dawa zake. Anafanya kazi. Akisikia kitu, anamuuliza Nyanzobe, na Nyanzobe anamjibu. Mimi haniulizi tena. Ananiheshimu, ananiletea maji, hana kinyongo usoni. Haniulizi tu.

Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, nilikuwa natundika magauni. Tuntufye alikuwa ng'ambo ya njia anapiga plasta kibanda cha Nyanzobe, namwona vizuri, mikono yote miwili imejaa saruji hadi viwiko. Simu ikalia. Sikutazama ni nani, niliibana kwa bega.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kinywa kilijibu kabla ya kichwa. Ukiamkiwa unaitikia, hivyo ndivyo tulivyolelewa.

"Sijambo," sauti ikasema. "Mama amelala. Nikaona nikusalimie."

Ng'ambo ya njia, Tuntufye alikuwa anachota saruji kwa mwiko, amefumba mdomo.

Simu ikakatika. Nikampigia Bibi Gwantwa. Akaniambia ndiyo, Sekela amelala, amemwacha sasa hivi tu, yuko peke yake, na simu ya Sekela iko mfukoni mwa yule binti wa Bibi Gwantwa, imezima. Ndipo nikaangalia kioo cha simu yangu. Haikuandika jina la dada. Iliandika Tuntufye Fundi, namba aliyokuwa nayo kabla hajaugua, laini iliyopotelea Nakonde. Nikaipiga. Nikaambiwa namba hiyo haipo.

Lakini kwenye orodha ya simu nilizopokea, jina lipo mpaka sasa. Alhamisi, saa tano na dakika kumi. Sekunde ishirini na sita. Nimejaribu kulifuta kila siku. Nalitazama jina, kisha namtazama mwenyewe ng'ambo ya njia anavyolainisha ukuta, na kidole changu kinagoma kumzika mara ya pili.